Kulinda Redio na Sabufa Dhidi ya Umeme Mkubwa Bila Kuharibu Sauti

Tuchukue mfano wa nyumba moja ya Tegeta, upande wa Kibaoni, jioni ya Jumamosi katikati ya masika. Mvua imenyesha tangu mchana na umeme umekatika saa kumi na mbili. Sebuleni kuna televisheni, king'amuzi ambacho waya wake unapanda hadi kwenye dishi juu ya bati, na amplifaya yenye spika kubwa mbili na sabufa, iliyonunuliwa Kariakoo kwa akiba ya miezi mingi. Saa mbili usiku umeme unarudi. Taa zinang'aa kupita kawaida kwa muda wa kuhesabu moja hadi tatu, umeme unakatika tena, kisha unarudi na kutulia. Taa zimepona, friji inaendelea. Amplifaya imenyamaza, na nyuma yake inatoka harufu ya plastiki iliyoungua.

Familia inalipia matengenezo, na safari hii inanunua ekstensheni yenye kinga ya umeme. Siku hiyo hiyo unasikika mngurumo mzito kwenye spika, ambao haukuwapo kabla. Fundi wa mtaani anaitwa. Anaeleza kwamba kinga hiyo "inakula sauti", anafungua plagi ya amplifaya, anakata waya wa ethi, na mngurumo unatoweka. Watu wote sebuleni wanafurahi.

Mfano huu tumeubuni, lakini hakuna hatua ndani yake isiyoweza kutokea katika nyumba yako. Tumeuweka mwanzoni kwa sababu hatua ya mwisho, ile iliyowafurahisha watu, ni ya hatari kuliko kuungua kwa amplifaya, na wala haikuwa lazima. Kifaa kinaweza kulindwa na sauti ikabaki safi. Ili jambo hilo lieleweke, ni lazima kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo mtaani huitwa kwa jina moja.

Umeme mkubwa wa aina mbili

Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230 kati ya fezi na nyutro, na volti 400 kati ya fezi moja na nyingine, ukizunguka mara 50 kwa sekunde. Hiyo 230 ni kipimo cha nguvu yake ya kawaida. Katika kila mzunguko wimbi la umeme hupanda hadi kilele cha volti 325 hivi, nacho kifaa kimetengenezwa kukistahimili kilele hicho siku zote.

Aina ya kwanza ya umeme mkubwa ni pigo. Huja ghafla, hupanda hadi mamia au maelfu ya volti, na huisha kabla jicho halijapepesa. Radi iliyopiga karibu na nguzo huleta pigo la namna hii. Kuwashwa na kuzimwa kwa njia za umeme pia huleta mapigo, ingawa madogo zaidi, na hata pampu ya maji ya jirani huchangia kidogo inapozimwa.

Aina ya pili hudumu. Volti hupanda hadi 280, 300 au zaidi na kubaki huko kwa sekunde, dakika, pengine saa nzima. Hali hii huweza kutokea umeme unaporudi baada ya kukatika, kabla njia haijatulia, na ndiyo sababu usiku wa mfano wetu taa ziling'aa. Wasomaji wengi watakumbuka alfajiri ya tarehe 1 Aprili 2024, hitilafu ya gridi ya taifa ilipozima umeme katika mikoa iliyounganishwa nayo, na huduma ikarejeshwa kwa awamu. Katika saa kama hizo, mtu aliyeacha vifaa vyake vikiwa kwenye soketi, vimewashwa, huwa ameviweka mlangoni kumpokea mgeni asiyemjua.

Lakini chanzo kibaya kuliko vyote cha umeme mkubwa unaodumu ni kukatika au kulegea kwa nyutro. Hapa tunaomba msomaji avumilie hesabu kidogo. Nyaya za mtaani kwa kawaida hubeba fezi tatu na nyutro moja. Nyumba yako hupewa fezi moja, ya jirani nyingine, na nyote mnarudisha umeme kwenye nyutro ile ile. Nyutro ikikatika upande wa transfoma, nyumba mbili zilizo kwenye fezi tofauti hujikuta zimeunganishwa moja baada ya nyingine, katikati ya volti 400. Volti hizo hugawanywa, lakini si nusu kwa nusu. Tuseme jirani anapiga pasi na kuchemsha maji kwa birika la umeme, hivyo nyumba yake ina ukinzani wa omu 20. Kwako kuna taa, televisheni na amplifaya tu, ukinzani wa omu 80. Jirani atapata volti 80, taa zake zitafifia na birika litakaa bila kuchemka. Wewe utapata volti 320. Anayetumia umeme kidogo ndiye anayeunguliwa, jambo ambalo wengi huliona kama uonevu, lakini ni hesabu ya kugawanya tu.

Dalili zake zinatambulika. Taa hung'aa sana kisha hufifia kila jirani anapowasha au kuzima kitu kikubwa. Feni huongeza kasi bila kuguswa. Pengine mwili wa friji au bomba la maji hutekenya mkono. Ukiona hayo, usianze kuchomoa kifaa kimoja kimoja. Zima swichi kuu mara moja, kisha toa taarifa ya dharura TANESCO na uwaarifu majirani, maana hitilafu hiyo si ya nyumba yako peke yake.

Kinga hufanyaje kazi

Ndani ya ekstensheni yenye kinga kuna kitu kidogo, mara nyingi cha duara kama kifungo cha koti, kiitwacho varista. Huwekwa kando ya njia ya umeme, mguu mmoja kwenye fezi na mwingine kwenye nyutro au ethi. Volti zikiwa za kawaida, varista huwa kama mlango uliofungwa, wala hakuna kinachopita ndani yake isipokuwa kiasi kisichostahili kutajwa. Pigo likija, mlango hufunguka kwa kasi kubwa na sehemu kubwa ya pigo hupitia hapo badala ya kuingia kwenye amplifaya. Kisha mlango hujifunga.

Ni hapa ambapo dhana ya "kula sauti" inaanguka. Muziki haupiti kwenye varista. Umeme wa ukutani ukishaingia kwenye amplifaya hushushwa, hugeuzwa kuwa umeme wa mkondo mnyoofu, na huhifadhiwa kwenye kapasita. Sauti hutengenezwa kutokana na akiba hiyo. Kitu kilichokaa kimya kando ya waya wa umeme hakina namna ya kugusa besi wala sauti ya mwimbaji.

Varista ina udhaifu wake, na wauzaji hawautaji. Imetengenezwa kwa ajili ya pigo fupi. Ikikutana na volti 320 za nyutro iliyokatika, mlango wake unaweza kubaki wazi, varista ikapata moto, ikapasuka, na ikiwa ekstensheni ni duni, plastiki ikawaka. Zaidi ya hayo, kila pigo kubwa huichakaza kidogo. Ndiyo maana ekstensheni nzuri huwa na taa ndogo ya kuonyesha kwamba kinga bado ipo. Taa hiyo ikizimika, ekstensheni itaendelea kupitisha umeme kama kawaida lakini hailindi tena.

Kwa umeme mkubwa unaodumu, kinachohitajika ni kifaa kinachokata. Mtaani kinajulikana kama friji gadi au TV gadi. Hiki hupima volti wakati wote. Zikipanda au kushuka kupita mipaka yake, hukata umeme kabisa, na zikirudi sawa hungoja, kwa sekunde kadhaa au dakika chache, kabla ya kuunganisha tena. Kungoja huko kuna thamani kubwa katika mtaa ambao umeme hurudi, hukatika na kurudi. Gadi peke yake hukata taratibu mno kuzuia pigo la radi, na kwa hiyo gadi zilizo bora huwa na varista pia ndani yake. Soma maelezo ya kwenye boksi, si picha.

Mtu akituuliza, kwa fedha za kitu kimoja tu, anunue kipi kwa nyumba ya Tegeta, Boko au Salasala, tunamjibu: gadi. Ekstensheni yenye kinga ifuate baadaye.

Mngurumo ulitoka wapi

Turudi sebuleni. Ikiwa kinga haigusi sauti, kwa nini mngurumo ulianza siku ile ile iliponunuliwa?

Ekstensheni ya zamani ya nyumba hiyo haikuwa na waya wa ethi ndani yake, ingawa ilikuwa na matundu matatu. Ekstensheni mpya inao. Kwa mara ya kwanza, mwili wa amplifaya ukaunganishwa na ardhi kama mtengenezaji alivyokusudia. Lakini amplifaya ilikwisha kuwa na njia nyingine ya kwenda ardhini: waya wa sauti unaotoka king'amuzi, kisha waya wa dishi, kisha nguzo ya chuma ya dishi iliyoshikwa ukutani na kulowa mvua. Sasa kukawa na njia mbili, na kati ya njia hizo mbili ukaanza kuzunguka mkondo mdogo wa umeme wenye mizunguko 50 kwa sekunde. Mkondo huo hupita kwenye ganda la waya wa sauti, amplifaya huudhani kuwa sehemu ya muziki, na huukuza. Mngurumo ule ni sauti ya umeme wenyewe. Ekstensheni mpya haikuuleta, iliufichua.

Fundi alipokata ethi, alivunja mzunguko na mngurumo ukaisha. Kwa maana hiyo alikuwa sahihi. Lakini aliondoa kitu kinachomlinda binadamu. Waya wa fezi ukilegea ndani ya amplifaya na kugusa mwili wake wa chuma, ethi huupeleka umeme ardhini na breka huanguka. Bila ethi, breka haitaanguka. Mwili wa amplifaya utakaa na volti 230 ukisubiri mkono, na volti hizo zitasafiri kupitia waya za sauti hadi kwenye king'amuzi na hadi kwenye maikrofoni. Mtoto asiye na viatu juu ya sakafu ya saruji iliyodekiwa, au mwanakwaya aliyeshika maikrofoni kwa mikono yenye jasho, ndiye atakayekuwa njia ya kwenda ardhini. Na kwa kejeli ndogo, varista zilizofungwa kati ya fezi na ethi hazina tena pa kupeleka pigo, kwa hiyo kinga iliyonunuliwa imepoteza sehemu ya kazi yake.

Usikubali waya wa ethi ukatwe kwa sababu yoyote ya sauti. Baadhi ya redio na sabufa ndogo huja na waya mbili tu kutoka kiwandani, zikiwa na alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Hizo zimejengwa kwa kinga ya tabaka mbili na hazihitaji ethi. Kifaa kilichokuja na waya tatu kinahitaji zote tatu.

Mngurumo wenyewe hutafutwa hivi. Zima vifaa vyote, chomoa plagi, kisha toa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Washa tena ukiwa umepunguza sauti. Mngurumo ukiwa umeisha, njia ya pili ilikuwa dishi. Kama bado upo, zima tena na utoe waya za sauti zinazoingia kwenye amplifaya. Mngurumo ukibaki hata baada ya hapo, hauhusiani na ardhi. Huenda kapasita za amplifaya zimechoka, nayo ni kazi ya fundi redio.

Tiba ya kwanza haina gharama: televisheni, king'amuzi na amplifaya vyote vichomekwe kwenye ekstensheni moja, katika soketi moja yenye ethi, ili tofauti kati ya ardhi ya kimoja na ya kingine iwe ndogo. Waya za umeme ziachane na waya za sauti badala ya kufungwa pamoja kwa kamba moja nyuma ya kabati. Isipotosha, na king'amuzi au televisheni ikiwa na tundu la waya wa mwanga, tumia hilo kama amplifaya inalipokea, kwa kuwa mwanga haubebi mkondo wa umeme. Vinginevyo kipo kitenganishi cha sauti, kisanduku kidogo chenye transfoma mbili ndani, kinachofungwa kwenye waya nyekundu na nyeupe kati ya king'amuzi na amplifaya. Muziki hupita kwa usumaku, mkondo wa ardhini haupiti. Tuseme ukweli, kitenganishi cha bei ya chini hupunguza besi, na mwenye sabufa atalitambua hilo. Mwombe muuzaji ukisikilize kwanza.

Linabaki suala la ethi ya nyumba yenyewe. Soketi kuwa na matundu matatu si ushahidi kwamba ethi ipo. Nyumba nyingine fito ya ethi haikuwahi kuchimbiwa, na nyingine ilichimbiwa kwenye udongo wa kichanga wa pwani ambao ukikauka, kama Januari na Februari, hupitisha umeme kwa shida. Fundi umeme mwenye leseni ya EWURA ana kifaa cha kupimia. Akija kwa kazi hiyo, mwulize pia kuhusu kinga ya kufungwa kwenye ubao wa breka, inayolinda nyumba nzima, na uangalie kwamba waya zake ni fupi, jumla isizidi nusu mita hivi. Waya mrefu uliokunjwakunjwa kwa ajili ya kupendeza huchelewesha pigo kwenda ardhini, na kinga ya gharama hugeuka pambo.

Kabla ya kutoa fedha dukani

Usikadirie ukubwa wa gadi kwa maandishi ya mbele ya boksi la sabufa. Zile "wati 10,000" zenye herufi PMPO ni mapambo ya kibiashara, na soketi ya nyumbani yenye fyuzi ya ampea 13 haiwezi kutoa zaidi ya wati 3,000 hivi. Geuza kifaa, soma kibandiko cha nyuma. Kama kimeandikwa wati 300, gawanya kwa 230 upate ampea 1.3. Chukua gadi yenye uwezo wa angalau mara mbili ya hapo, kwa sababu amplifaya humeza umeme mwingi sekunde ya kwanza inapowashwa. Gadi ndogo kupita kiasi huunguza viungo vyake vya ndani, na hapo ndipo sauti huanza kukatika-katika kweli.

Stabilaiza ina faida pale ambapo umeme ni mdogo kila jioni. Kwa mtu ambaye tatizo lake ni umeme mkubwa, gadi inatosha, na stabilaiza ya bei ndogo huleta mlio wake yenyewe. Inveta za bei nafuu hutoa wimbi lenye ngazi badala ya wimbi laini, na amplifaya zenye transfoma hulalamika kwa mngurumo zinapotumia wimbi hilo.

Fyuzi ya plagi isibadilishwe kwa kipande cha waya wala karatasi ya sigara. Kifaa cha chini ya wati 700 hutosheka na fyuzi ya ampea 3. Tazama alama ya ubora ya TBS na udai risiti ya EFD, kwa sababu bila risiti hutaweza kuthibitisha lolote ukigundua kwamba ndani ya ekstensheni hamna varista bali taa nyekundu tu. Bidhaa bandia huripotiwa Tume ya Ushindani, FCC.

Hakuna kifaa chochote cha dukani kinachoweza kuhimili radi iliyopiga moja kwa moja. Wingu likikaza, chomoa plagi pamoja na waya wa dishi, mapema, si wakati radi zimeshaanza kupiga. Umeme ukikatika, fanya vivyo hivyo, uache taa moja iwashwe. Ukirudi, itazame taa hiyo kwa dakika tano.

Kifaa kikishaungua

Andika tarehe na saa, na kilichoonekana kwenye taa. Uliza majirani kama nao wameunguliwa, kwa kuwa malalamiko ya nyumba nne za fezi moja yana uzito ambao la nyumba moja halina. Toa taarifa TANESCO siku hiyo hiyo ukitaja namba ya mita ya LUKU, na uombe namba ya taarifa yako. Kisha peleka lalamiko kwa maandishi katika ofisi ya eneo lako, ukiambatisha picha ya kifaa, ya kibandiko chake cha nyuma, na risiti ya ununuzi. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usiporidhika na jibu, au usipopata jibu, leta lalamiko hilo kwetu EWURA pamoja na nakala hizo. Sheria inatutaka tusikilize pande zote mbili, na hatuwezi kuanza kabla mtoa huduma hajapewa nafasi ya kujibu.

Kifaa chenyewe kiache kama kilivyo hadi kikaguliwe. Tunajua ni vigumu kukaa na amplifaya iliyoungua huku fundi yuko mtaa wa pili, lakini varista iliyopasuka na fyuzi iliyoyeyuka ni ushahidi, na fundi akishazitupa hazirudi.